Savana ya Silikoni ianzie kwenye meza za shule za Matiliku

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, unajengwa mji wa teknolojia wa Konza kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013, na tangu hapo umekuwa ukiitwa Savana ya Silikoni, jina linaloiga Bonde la Silikoni la California. Ndani ya kaunti hiyo hiyo, katika eneo la Nzaui, kuna soko la Matiliku, lenye shule zake na hospitali ya kaunti ndogo. Mtoto anayesoma fizikia Matiliku anaweza kumaliza sekondari akiwa amechora mawimbi ya umeme daftarini mara nyingi, na asiwe ametengeneza hata moja kwa mikono yake. Hoja ya makala haya ni kwamba pengo hilo ndilo litakaloamua iwapo Konza itakuwa mahali pa wenyeji kubuni vitu au mahali pa wenyeji kulinda malango. Pengo lenyewe linaweza kuanza kuzibwa kwa kifaa kidogo cha bei nafuu: saketi ya kuzalisha mawimbi, inayojengwa na wanafunzi wenyewe kwa chipu moja, rezista chache, kapasita na betri mbili.

Kifaa hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha, maana Bonde la Silikoni lenyewe lilianza nacho. William Hewlett, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika tasnifu yake kuhusu saketi ya kuzalisha mawimbi. Mwaka 1939 yeye na David Packard walianzisha kampuni kwa mtaji wa dola 538, wakifanyia kazi gerejini mjini Palo Alto, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa kizalisha mawimbi kilichoitwa 200A. Vifaa vya washindani wao viliuzwa kwa mamia ya dola, chao dola 54.40. Saketi za aina hiyo zina udhaifu wa kuzaliwa nao: ukuzaji ukipungua kidogo, wimbi linafifia hadi linazimika, ukizidi kidogo, wimbi linavimba hadi vilele vyake vinakatwa. Hewlett alitibu udhaifu huo kwa balbu ndogo ya kawaida. Wimbi likivimba, waya wa balbu unapata joto, ukinzani wake unapanda na ukuzaji unashuka. Wimbi likipungua, waya unapoa na ukuzaji unarudi. Kampuni ya Walt Disney ilinunua vifaa vinane vya toleo la 200B kwa kazi ya sauti ya filamu ya Fantasia. Leo jimbo la California linaitambua rasmi gereji ile kuwa mahali lilipozaliwa Bonde la Silikoni. Kilichokuwemo mle ndani ni mwanafunzi aliyeielewa saketi yake vya kutosha hata akajua mahali pa kuweka balbu ya senti chache, na uelewa wa namna hiyo hauhitaji ekari 5,000.

Sasa tutazame kinachofundishwa kwetu. Katika mtaala wa 8-4-4, mwanafunzi wa Kidato cha Nne husoma kuhusu miale ya kathodi na osiloskopu, kile chombo cha kuonyesha mawimbi kwenye skrini. Huchorewa skrini yenye miraba, akaambiwa kila mraba ni milisekunde kadhaa, kisha akatakiwa akokotoe masafa, yaani mizunguko kwa kila sekunde. Somo la elektroniki nalo humfikisha kwenye diodi na namna ya kunyoosha mkondo geu, likaishia hapo. Hizo ni hesabu sahihi na zina faida, lakini wimbi lenyewe hubaki picha iliyochorwa na mtu mwingine. Mtaala wa umilisi umefungua mlango mpana zaidi. Sekondari ya juu, ambayo Gredi yake ya 10 ilipangiwa kuanza mwaka 2026, ina mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, na Umeme ni mojawapo ya masomo yake. Mtaala huo unataka mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kutenda. Swali lililobaki ni kitendo gani kifanywe pale ambapo maabara ni chumba kimoja na fedha ni za kuhesabu.

Jibu linaanzia kwenye amplifaya ya operesheni, ambayo tutaiita opampu kwa kifupi. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1947, wakati amplifaya hizo zilipoundwa kwa valvu na kufanya hesabu ndani ya kompyuta za analogi. Mwaka 1968 kampuni ya Fairchild ilitoa chipu ya µA741 iliyobuniwa na Dave Fullagar, na chipu za ukoo huo zinauzwa hadi leo. Opampu ina ncha mbili za kuingilia, moja chanya na moja hasi, na ncha moja ya kutokea. Kazi yake ni kuangalia tofauti ya volti kati ya ncha mbili za kuingilia na kuikuza mara laki moja au zaidi. Ukuzaji mkubwa kiasi hicho hauna maana mpaka utawaliwe, na kinachoutawala ni mrejesho. Matokeo yakirudishwa kwenye ncha hasi, opampu hufanya kila iwezalo ili ncha mbili zilingane. Yakirudishwa kwenye ncha chanya, matokeo hukimbilia kikomo cha juu au cha chini na kung'ang'ania huko mpaka yang'olewe kwa nguvu. Mwanafunzi aliyezielewa tabia hizo mbili anaweza kubuni saketi, kwa sababu kizalisha mawimbi kinazitumia zote mbili kwa pamoja.

Saketi inahitaji opampu mbili, na chipu ya TL072 ina zote mbili katika umbo la miguu minane: mguu wa 8 hupokea volti chanya, wa 4 hupokea volti hasi, na matokeo hutokea mguu wa 1 na wa 7. Betri mbili za volti 9 zinaungwa mfululizo, na pale zinapokutana panafanywa sifuri, ili saketi ipate volti 9 juu ya sifuri na 9 chini yake. Opampu ya kwanza inapewa mrejesho wa ncha chanya, kwa hiyo matokeo yake yana hali mbili tu, takriban volti 8 juu au 8 chini. Hilo ni wimbi mraba. Opampu ya pili inawekewa kapasita kati ya matokeo yake na ncha yake hasi, nayo hupokea wimbi mraba kupitia rezista. Ncha mbili zilizobaki, ile hasi ya opampu ya kwanza na ile chanya ya opampu ya pili, zinaungwa kwenye sifuri. Fikiria tangi linalojazwa na bomba lenye kasi isiyobadilika, na mlinzi anayefungulia maji yatoke kila yanapofika alama ya juu, kisha kufungulia yaingie kila yanapofika alama ya chini: kina cha maji kitapanda na kushuka kwa mistari iliyonyooka bila kukoma. Opampu ya pili ndiyo tangi, ya kwanza ndiyo mlinzi. Volti inayopanda na kushuka kwenye opampu ya pili ni wimbi pembetatu, na hurudishwa kwa ile ya kwanza ili ijue wakati wa kugeuka.

Uzuri wa saketi hii ni kwamba hesabu zake ziko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari. Weka rezista ya kilo-omu 10 kati ya pembetatu na ncha chanya ya opampu ya kwanza, na kilo-omu 20, yaani mbili za 10 zilizoungwa mfululizo, kati ya matokeo ya opampu hiyo na ncha hiyo hiyo. Uwiano wake ni nusu, kwa hiyo pembetatu itageuka kwenye nusu ya volti 8: itapanda hadi volti 4 na kushuka hadi 4 chini ya sifuri, safari ya volti 8. Rezista ya kuingilia opampu ya pili iwe kilo-omu 10 na kapasita iwe nanofaradi 100. Volti 8 kugawanya kwa omu 10,000 ni miliampea 0.8, na mkondo huo hubadilisha volti ya kapasita hii kwa volti 8 kila milisekunde. Kupanda ni milisekunde moja, kushuka ni milisekunde moja, na mzunguko mzima ni milisekunde mbili: hezi 500. Ukiongeza, mfululizo na rezista hiyo ya kuingilia, rezista ya kuzungusha ya kilo-omu 100, ile ya aina inayotumika kwenye volyumu ya redio, unaweza kuteremsha masafa hadi karibu hezi 45. Mwanafunzi makini ataona jambo jingine. Volti 8 ilitumika mara mbili katika hesabu, mara ya kwanza kupata urefu wa safari, mara ya pili kupata kasi, na mara hizo mbili zikafutana. Maana yake ni kwamba betri zikichoka, wimbi litakuwa fupi lakini masafa hayatabadilika sana. Jambo hilo halihitaji kukaririwa, kwa sababu linaweza kujaribiwa kwa betri kuukuu.

Hesabu ni nusu ya elimu hii, na nusu ya pili huja hesabu inapokataa kutimia. Kapasita nyingi za bei nafuu zinaweza kuwa pungufu au zaidi kwa asilimia 10 au hata 20 ya kilichoandikwa juu yake, kwa hiyo hezi 500 zilizokokotolewa zinaweza kutokea zikiwa 440 au 560. Hapo mwanafunzi analazimika kutafuta lilikotoka kosa. Mfano bora zaidi unapatikana kwa kubadilisha kapasita iwe ya nanofaradi 10, ili masafa yapande hadi hezi 5,000, kisha kuichomoa TL072 na kuchomeka LM358 mahali pake, kwa kuwa miguu yake imepangwa vilevile. Volti ya matokeo ya LM358 ya kawaida hubadilika kwa takriban volti 0.3 kwa mikrosekunde, ilhali ya TL072 hubadilika kwa volti 13 au zaidi. Kuruka volti 16, kutoka kikomo cha chini hadi cha juu, kunaichukua TL072 zaidi kidogo ya mikrosekunde moja, na kunaichukua LM358 mikrosekunde 50 na ushei. Katika hezi 5,000 kila upande wa wimbi mraba una mikrosekunde 100 tu, kwa hiyo nusu yake inaliwa na mpando, kuta za mraba zinalala, na masafa yanashuka chini ya hesabu. Mwanafunzi aliyeliona hilo ameelewa kwa nini mhandisi husoma karatasi ya maelezo ya chipu kabla ya kuinunua, na hakuna swali la kuchagua jibu linaloweza kumfundisha jambo hilo.

Wimbi la sini, lile la mkunjo laini, linaweza kufuata baadaye. Pembetatu ni wimbi la sini la msingi lililochanganyika na mawimbi madogo yenye masafa ya mara tatu, mara tano na kuendelea. Lile la mara tatu lina ukubwa wa moja ya tisa ya lile la msingi. Pembetatu ikipitishwa kwenye opampu nyingine yenye kapasita, kile kimoja cha tisa hushuka kuwa kimoja cha 27, chini ya asilimia 4, na kona za pembetatu hulainika. Shule isiyo na osiloskopu haijafungiwa nje pia. Visikizi vya simu vikiungwa kwenye matokeo kupitia rezista ya kilo-omu 1 na kulazwa mezani bila kuvaliwa, maana sauti yake inaweza kuumiza masikio, wanafunzi watasikia mraba ukikwaruza na pembetatu ikilainika, na simu iliyowekwa karibu itaonyesha masafa kwa programu ya bure. Visikizi na maikrofoni hulibadilisha kidogo umbo la wimbi, lakini masafa hayabadiliki, nayo ndiyo yanayolinganishwa na hesabu.

Kuna watakaosema kwamba simu hiyo hiyo inaweza kutoa wimbi lolote kwa kuandika namba, kwa hiyo saketi ni usumbufu wa bure. Kwa fundi anayetaka kujaribu spika, hoja hiyo ina uzito. Kwa mwanafunzi haina. Simu huishia kwenye mipaka ya sauti, takriban hezi 20,000, na volti zake ni kidogo. Lakini tatizo kubwa ni kwamba anayeandika 500 na kupata 500 hakupata sababu yoyote. Hakuna rezista aliyoichagua, hakuna kosa alilolitafuta. Amejifunza kuagiza, na Afrika Mashariki haijawahi kupungukiwa na watu wa kuagiza.

Wengine watasema opampu ni ya zamani na kwamba dunia imehamia kwenye programu na akili mnemba. Ni kweli programu zimetawala, lakini hakuna programu inayogusa mwili wa mgonjwa au tangi la maji moja kwa moja. Mashine ya kupima umeme wa moyo hospitalini hupokea ishara ya takriban milivolti 1 kutoka kifuani, na amplifaya za ukoo wa opampu ndizo huikuza kabla kompyuta haijaisoma. Fundi anayetaka kuhakiki mashine hiyo bila mgonjwa huhitaji kifaa cha kuzalisha wimbi linalojulikana. Kiwanda cha kaunti cha kusindika maembe kilichoko Kalamba, huko huko Makueni, ni cha aina ya viwanda vinavyotegemea vipimo vya joto na mwendo wa mota, na vipimo hivyo huanza kama volti ndogo. Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imejikita katika utengenezaji wa chipu. Kazi zote hizo zinahitaji mtu anayejua volti inavyoenda ndani ya saketi. Anayejua programu peke yake atasubiri mwenzake aje kumuungia waya.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la walimu. Mtihani wa kitaifa hauulizi kuhusu opampu, darasa limejaa, mwalimu wa fizikia hufundisha pia hisabati, na baadhi yao hawakuwahi kuishika chipu hiyo chuoni. Hayo yote ni kweli, na mradi unaoyapuuza utaishia kuwa onyesho la siku ya wageni. Lakini tazama yaliyomo kwenye saketi: sheria ya Omu, kujaa kwa kapasita, grafu za mstari mnyoofu, masafa na kipindi, makosa ya vipimo. Hayo tayari yanafundishwa na kutahiniwa. Saketi haiongezi sura mpya kitabuni. Inazikusanya sura zilizotawanyika kwenye meza moja. Inaweza kuanzia katika chama cha sayansi cha shule, kwa vikundi vya wanafunzi wanne au watano, kisha kupelekwa kwenye maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule. Ujuzi wa mwalimu nao unaweza kutoka karibu. Taasisi ya Kiufundi ya Wote iko Makueni, na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui. Wanafunzi wao wanaosoma umeme na fizikia wakikaa na walimu wa sekondari wikendi moja, walimu watakuwa na msingi wa kuanzia.

Lipo pia pingamizi la umaskini: shule isiyo na maji ya kutosha haipaswi kuzungumzia chipu. Heshima ya pingamizi hili ni kwamba linatanguliza mahitaji ya mtoto. Lakini halijapima gharama. Chipu ya aina hii kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya barabara ya Luthuli, Nairobi, kwa kawaida haifiki shilingi 100, rezista na kapasita ni za bei ndogo zaidi, na nyingine hupatikana kwenye redio mbovu za betri. Zisifunguliwe televisheni za zamani zenye kioo cha mgongo mrefu, kwa sababu mirija yake huweza kuhifadhi volti za kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kwa kuwa saketi hutumia betri, hata shule ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara inaweza kuijenga. Haichukui nafasi ya maabara wala ya tangi la maji, na mtu asiitumie kama kisingizio cha kutojenga vyote viwili.

Kwa hiyo wito uende kwa bodi za shule za Matiliku na za Ukambani kote, kwa walimu wakuu na kwa wazazi wanaoketi kwenye mikutano ya kupanga matumizi ya muhula. Fedha za kifaa kimoja kikubwa kinachofungiwa kabatini zinatosha kununulia vikundi vingi chipu moja kila kimoja, rezista nne za kilo-omu 10, kapasita moja ya nanofaradi 100, betri mbili na bodi ya kuungia. Serikali ya kaunti, inapoizungumzia Konza, iulizwe ni wanafunzi wangapi wa Makueni wameshaunda saketi inayofanya kazi na wakaweza kueleza kwa nini inafanya kazi. Mzazi naye, mtoto akirudi nyumbani akisema amesoma mawimbi leo, amuulize ni lipi alilolitengeneza.